Kibao cha Fundi Mkimya

Nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, na mama amesimama chini, mikono yote miwili juu, kama mtu anayepokea mtoto dirishani. Skrubu ya mwisho ilikuwa imeliwa na kutu. Ilizunguka, ikalia, ikakataa kutoka.

Kibao chenyewe kilikuwa bati lililopakwa rangi ya bluu. FUNDI MKIMYA, kilisema, na chini ya maandishi baba alikuwa amechora cherehani kwa mkono wake, nene kama ng'ombe mwenye mimba. Jina alipewa na mtaa. Aliweza kuifungua mashine yako, akaisafisha na kukurudishia bila kukwambia neno zaidi ya "tayari."

Alipofariki, jiji halikusubiri hata udongo ukauke. Alikuja afisa mwenye suruali iliyonyooka, akatueleza kwa adabu kwamba kibao cha nje sharti kitunzwe, na biashara ikifa, kibao nacho kishuke. Tusipokishusha, watakishusha wao na kukitupa kwenye lundo la vyuma chakavu boharini kwao. Ng'ambo ya barabara, bango la kampuni ya sabuni lilikuwa limechanika tangu sijaota ndevu, limeinama juu ya vichwa vya wapita njia. Nikamwuliza, na lile je? Akasema lile lina utaratibu wake. Leo nimejaa mvi, na nikilikumbuka jibu hilo damu bado inanichemka.

Sheria sikufundishwa na mtu. Nilijisomea kwenye mbao za matangazo za ofisi zao, nikiwa kwenye foleni zisizosogea. Basi nikauona mwanya: biashara ikifa. Haitakufa. Kesho yake nikafungua duka, nikavaa aproni ya baba, nikakaa. Afisa akapita, akachungulia, akaenda zake. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nilichosahau ni kwamba watu huamini vibao. Wakaanza kuleta mashine, wengine kutoka mitaa ya mbali, wakimwulizia fundi. Niliwajibu duka liko wazi, karibuni. Mimi nilijua kulumbana, kuandika malalamiko na kuwaita watu waandamane barabarani. Cherehani nilijua kuitia mafuta tu. Nikakaza, nikalegeza, nikasema "tayari."

Jirani yetu mshonaji alikuja kwa mama jioni moja. Hakugomba.

"Dada," alisema, "cherehani yangu ilienda kwa mwanao na mafua, imerudi na kifua kikuu."

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akauliza kazi ya wateja imekuwaje. Mshonaji akatazama sakafu. Sare za shule alizoshona zilikuwa zimeachia mishono. Amezifumua, anazirudia kwa mkono.

Asubuhi mama aliingia dukani nikiwa nimeinamia mashine nyingine.

"Lete ngazi."

Nikamwambia hicho ndicho wanachokitaka, tukishusha, wameshinda. Nilimpa hotuba nzima, yenye mwanzo na mwisho. Aliisikiliza kama anayengoja mvua ikatike.

"Jiji halijaharibu cherehani ya mtu," alisema. "Baba yako kazi asiyoiweza alikuwa anairudisha. Wewe unaiharibu chini ya jina lake."

Nikaenda kuleta ngazi.

Skrubu ikatoka. Mama akakipokea kibao, akakifuta kwa kiganja, akaingia nacho chumbani kwake, ambako hakuna afisa mwenye ruhusa ya kufika. Nikapita kwa mshonaji, nikaichukua cherehani yake, nikaiweka begani kuipeleka kwa fundi mwingine, wa sokoni.

Sikufika mbali. Mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa ule, alinisimamisha. Ametoka mbali, alisema. Ana mashine inakata uzi, na ameelekezwa kwa Fundi Mkimya. Je, yupo dukani?

Nikautua mzigo kwanza.

"Hayupo, mama," nikasema. "Baba amefariki."