Kopo la Vifungo

Msimcheke huyu dobi kabla hamjanisikiliza. Wivu alikuwa nao, tena wa kugawia mtaa mzima na mwingine ukabaki, lakini sababu alikuwa nazo.

Mumewe alikuwa fundi makochi, kijana wa miaka ishirini na minane, mpole, hodari wa kitambaa na misumari. Kasoro yake ilikuwa moja tu, usingizi. Alirudi kazini amechoka hoi, akakaa mezani, na kabla mkewe hajamaliza kumsimulia mteja aliyeleta shuka lenye wino, jamaa ameshaanza kukoroma. Halafu kama miezi saba iliyopita akabadilika ghafla. Usingizi ukakata. Akawa anarudi macho yanang'aa, mdomo haufungi, anapangua kabati na kulipanga upya, anauliza habari za wateja mmoja mmoja. Akaanza na kukonda, shati likampwaya. Mwanamume anakonda huku anachangamka! Dobi hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Fundi, nani anakufurahisha huko?"

"Wewe, dobi wangu."

"Mimi niko hapa. Nimeuliza huko."

Fundi akacheka, akaendelea kupanga mashati kwa rangi.

Jioni moja alimkumbatia mkewe mlangoni. Sikio la dobi likatua kifuani, akausikia moyo wa mumewe unakwenda mbio, tena mbio zisizo na mpango, unaruka, unasita, unaruka tena. Akamsukuma. Mtu moyo unamwenda hivyo ametoka wapi, kama si kwa mwanamke?

"Nimepanda ngazi," fundi akasema.

Ngazi gani, jamani? Nyumba yao ilikuwa ya chini, hata kizingiti haina. Dobi akaingia ndani akapiga pasi taulo, kitu ambacho hakuna dobi mwenye akili timamu anayekifanya.

Sasa, dobi yeyote hupekua mifuko kabla ya kufua. Huyu wetu kila alichokikuta alikibandika lebo yenye jina la mwenyewe na tarehe, asije akaitwa mwizi. Ndivyo alivyokipata kipakiti cha kwanza kwenye suruali ya mumewe, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimechanwa pembeni, ndani kimebaki unga mweupe. Akanusa. Akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Dawa za nguvu za kiume! Na hizo nguvu zinakwenda kwa nani, maana nyumbani siku hizi ni maongezi na kupanga kabati tu?

Akakibandika lebo, akaandika tarehe, akakitia kwenye kopo lake la vifungo. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Miezi miwili baadaye vilikuwa kumi na tisa, na kila kimoja kilimchoma roho kivyake. Alikuwa anangoja siku avimwage mbele ya wifi yake, dada mkubwa wa fundi, aliyezoea kusema mdogo wake ni malaika. Haya wifi, malaika wako huyu hapa.

Na mwanamke mwenyewe alimwona kwa macho yake. Mchana mmoja alipita karakana ya makochi amebeba mapazia ya mteja, akachungulia dirishani. Binti wa mapokezi, ambaye wote pale walimwita Mapokezi, alisimama mbele ya fundi, kiganja chake kimelala juu ya kifua cha fundi, upande wa kushoto. Hawakuwa wakicheka. Hilo ndilo lililomuua dobi. Kicheko angekisamehe, lakini wale walikuwa wametulia kama watu wenye jambo lao.

Ijumaa asubuhi akasema liwalo na liwe. Akatia kopo kwenye mkoba, akashika njia ya kwa wifi. Hajafika, simu ikaita.

"Dada, mimi wa mapokezi. Njoo hospitali, fundi ameanguka akibeba kochi."

Alimkuta mumewe kitandani, midomo ya kijivu, amebandikwa waya kifuani, miguu imevimba mpaka soksi zimeacha mifereji. Na pembeni yake, kwenye kiti pekee, kakaa nani? Mapokezi, amemshikia viatu. Mke wa ndoa akabaki amesimama.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alikuwa anamhoji fundi.

"Moyo wako umetanuka na umechoka. Unasukuma damu nusu ya inayotakiwa. Kwa umri wako hili lina chanzo. Unatumia nini?"

"Hata sigara sivuti, daktari."

"Nakuuliza tena. Kuna dawa nataka kukupa, lakini ukiwa na kitu mwilini inaweza kukudhuru. Na kama kipo na hukiachi, moyo huu haurudi."

"Situmii kitu," fundi akasema, akimwangalia mkewe.

Mapokezi akainama. Dobi akaona ule uso ulioinama, akaona na viatu vya mumewe kwenye yale magoti, na uvumilivu wake ukaishia hapo. Hakufikiria moyo wa mtu wala dawa. Alitaka aibu iwashukie wote wawili hadharani. Akamwaga kopo zima juu ya shuka, vipakiti na vifungo pamoja.

"Hatumii kitu? Muulize na huyu dada! Anakula dawa za nguvu kwa ajili yake, mimi nafua tu suruali!"

Daktari akaokota kipakiti kimoja, akasoma lebo. Akaokota kingine.

"Hizi si dawa za nguvu, mama. Huu ni unga wa kukesha, unamfukuza mtu usingizi na kuusukuma moyo mpaka unachakaa. Nawapokea vijana wengi wa umri wake kwa sababu hii." Akavipanga kwa tarehe. "Umenisaidia sana. Lakini cha kwanza ni cha miezi miwili iliyopita. Kwa nini hukuvileta?"

Dobi akainama kuokota vifungo vyake juu ya shuka. Daktari akatoka kwenda kubadilisha dawa.

"Nilimwambia akwambie, dada, mara tatu," Mapokezi akasema. "Siku moja aliishiwa pumzi, akaniomba nisikie moyo wake kama uko sawa. Nikamwambia hauko sawa."

"Kwa nini wewe? Mimi sina mikono?"

Fundi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Wewe ungejua kwa nini naunywa. Ile siku nililala na kijiko mkononi, wewe unaongea. Ukasema umeolewa na gogo."

Dobi alikumbuka. Alilisema kwa mzaha, akageuka kuosha sahani. Miezi saba alikuwa amemwonea wivu mwanamke aliyefaidi yale macho yanayong'aa, kumbe mwanamke mwenyewe alikuwa yeye. Na kama ni kusikia, alisikia kabla ya Mapokezi. Aliusikia moyo ule pale mlangoni, akausukuma.

"Si nakupenda hata ukikoroma, mjinga wewe," akasema, na machozi yakamtoka. Lakini fundi alishapitiwa na usingizi.

Muuguzi alikuja na dawa mpya, akanyoosha mkono amwamshe.

"Dakika moja tu, dada," dobi akamwambia. "Mwache alale."

Mapokezi akanyanyuka, akaweka viatu chini ya kitanda, akaaga. Dobi akamshika mkono kabla hajaondoka. Wivu haujaisha, nisiwadanganye.

"Siku ile kiganja ulikiweka wapi, hasa?"

Mapokezi akamwonyesha, kati ya waya mbili. Dobi akaweka kiganja chake hapohapo. Moyo uliruka, ukasita, ukaruka tena, na safari hii hakuondoa mkono.