Visahani Vitatu vya Halvern

Siku iliyofuata Krismasi, saa sita mchana, magari saba yalikuwa yamechomekwa kwenye umeme nje ya mgahawa wa Bernice Fehr, hapa kwetu Halvern, Kanada, ili injini zisigande kwa baridi. Ndani wazee walikuwa wanabishana lile lile la wiki mbili: kwa nini Colby Baran ameachwa nje ya timu ya taifa ya vijana ya hoki ya barafu.

Colby mwenyewe alikuwepo, meza ya pembeni, anakula pirogi, vipande vya unga vilivyochemshwa na kujazwa viazi. Ana miaka kumi na tisa, na baada ya siku sita, siku ya mwaka mpya, angetimiza ishirini. Timu ile haichukui aliyetimiza ishirini kabla ya mwaka mpya. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi, na mwaka huu jina lake halikusomwa. Ilimuuma mpaka akaacha kunyoa ndevu, hizo chache alizonazo.

Uwezo wake haukuwa siri. Tangu ana miaka sita, kile kisahani cheusi wanachogombania wachezaji humfuata chenyewe. Yeye husimama, kinakuja, kinatulia kwenye gongo lake, anafunga. Halvern tumezoea. Mama yake huvikuta vitatu vinne mlangoni asubuhi, anavisogeza kwa mguu na kuendelea na kazi zake.

Novemba mteuzi wa timu alikuja kutoka mjini. Akatazama mechi tatu, akaona mabao tisa, akaandika: "Hakimbilii kisahani. Hana juhudi." Nafasi akapewa Preston Ashgrove wa Toronto, kijana mrefu anayekimbia mpaka kofia inamvuka.

"Mteuzi hajakosea," alisema Mervin Tait, refa mstaafu. "Hoki ni jasho. Huyu hajatoka jasho tangu darasa la kwanza."

"Ubao wa mabao unahesabu jasho?" aliuliza Orest Lysak. "Wewe bwana umepuliza filimbi miaka thelathini hukuona kitu, leo ndiyo umeanza kuona?"

"Na kimo je?" aliuliza Mervin. "Kafupi vile."

"Nipo hapa hapa, mzee," alisema Colby.

"Tunajua. Kula."

Kwenye televisheni vijana wetu walikuwa Sweden, mbili kwa mbili na Finland, zimebaki dakika nne. Hapo kisahani kikaacha wachezaji, kikapita mlango wa benchi, kikatoka uwanjani. Waamuzi wakaweka kingine, nacho kikaondoka. Cha tatu hivyo hivyo. Wachezaji wakakaa kusubiri, na Bernice akaongeza kahawa.

Baada ya nusu saa vyote vitatu vilifika kwa barabara ya malori ya ngano, vimejaa theluji. Bernice alivifungulia mlango upesi kwa sababu baridi ilikuwa inaingia. Vikapita chini ya meza ya wazee na kutulia kwenye buti la Colby. Simu ikalia.

"Vipo," Bernice alisema kwenye simu. "Vyote vitatu. Ndiyo, Halvern. Ngoja." Akamgeukia Colby. "Ni refa, huko Sweden. Anaomba arudishiwe kimoja wamalize mechi."

Colby aliweka uma chini. "Muulize kama naweza kwenda nacho."

Bernice aliuliza, akasikiliza kwa muda. "Anasema nafasi ipo, mmoja kavunjika mkono. Lakini orodha ya majina ilifungwa jana. Anasema pole."

Mervin alikuwa anatazama kikombe chake.

"Haya," alisema Colby.

Alichukua gongo lake nyuma ya mlango, akatoka na fulana tu, akakiweka kisahani kimoja barabarani. Mara ya kwanza alipokipiga kilizunguka ghala la ngano kikarudi kwenye buti lake. Akainama, akakiambia maneno ambayo sisi wa dirishani hatukuyasikia. Kisha akakipiga tena kuelekea mashariki, na safari hii kilikwenda.

Refa wa Sweden alipokiona kinakuja alipuliza filimbi mechi iendelee. Kisahani kikaingia kwa juu, kikampiga Preston Ashgrove kwenye kalio, kikazama golini. Tatu kwa mbili. Bao likaandikwa la Ashgrove, bila pasi ya mtu. Mechi ilipokwisha walimhoji yule mteuzi, naye alikuwa anatabasamu.

"Mmeona juhudi?" alisema. "Ndiyo maana tulimchagua."

"Nilisema nini mimi?" aliuliza Mervin.

Orest aliinuka akazima televisheni.

Colby aliingia, masikio mekundu, akakung'uta theluji. "Nani kafunga?"

"Ashgrove," alisema Mervin.

"Kwa gongo?"

"Kwa kalio," alisema Orest.

Bernice alizichukua pirogi za Colby kwenda kuzipasha moto. Wazee walikuwa wameshaanza kubishania timu ya mwakani, ila Mervin, ambaye si mtu mbaya, aliona amwachie kijana neno la kumfaa maishani.

"Ungekuwa unakimbiakimbia kama yule, Colby, ungechaguliwa."

"Sawa, mzee," alisema Colby, akasogeza mguu kidogo chini ya meza, ili visahani viwili vilivyobaki vienee.