Gramu za Bwana Mkubwa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa ishirini na sita huu, na sijawahi kukosea dozi. Nalisema hilo mapema usije ukanidhania mzembe. Mtoto akiletwa kwangu namweka kwanza kwenye mizani, ndipo napiga hesabu. Akipungua kilo, na dozi inapungua.

Mume wangu alikuwa kinyume changu. Mbwa wake alimlisha kwa macho. Anachota kopo, anatazama, anaongeza, halafu anamwagia juu yake makombo ya sahani yake, na mara nyingine nyama yenyewe, akidhani sioni. Mbwa mwenyewe jitu la kilo sitini na mbili, kichwa kama sufuria ya shughuli. Tulimwita Bwana Mkubwa.

"Utamuua kwa mapenzi, mzee," nilikuwa namwambia. Anacheka tu.

Akafa yeye. Moyo ulisimama asubuhi moja akifunga kamba za viatu, na mbwa akabaki mikononi mwangu. Niliapa kumtunza kuliko alivyotunzwa.

Nyuma ya gunia la chakula cha mbwa kuna jedwali: uzito upande huu, gramu upande ule. Kilo sitini na mbili, gramu mia sita arobaini kwa siku. Nikanunua mizani ya jikoni, nikapima mpaka punje ya mwisho. Makombo nikapiga marufuku. Kila Jumamosi nilimpeleka duka la vyakula vya mifugo, tukampandisha kwenye mizani ya magunia. Wiki ya tatu alikuwa hamsini na nane, nikashuka mstari kwenye jedwali, nikapunguza gramu. Akafika hamsini na nne, nikashuka tena. Mwezi wa tatu alikuwa arobaini na saba, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani.

Nilijua kinachomsumbua. Kutwa alikaa mlangoni pa jikoni ananitazama, haondoki. Nilikuwa naketi naye sakafuni, namwambia, "Najua, baba. Hata mimi namkumbuka." Watu walikwisha rudi makwao, simu za pole zimekatika. Huyu peke yake ndiye aliyekuwa bado anaomboleza pamoja nami, na sitaficha, hilo lilinipa nguvu ya kuamka.

Siku moja akaja wifi yangu, dada wa marehemu. Alimwangalia mbwa, akashika kiuno.

"Wifi, huyu vipi?"

"Majonzi. Anamfuata kaka yako."

"Si umpe chakula?"

"Anapewa. Kwa uzito wake."

"Mgonjwa haulizwi uji, wifi."

"Na wewe uuguzi umesomea wapi?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Kesho yake akaniletea daktari wa mifugo bila kuniuliza, mama mfupi aliyevaa mabuti ya mvua.

Daktari alimpapasa tumbo, akamfunua midomo na kope, akauliza anakula kiasi gani. Nikamletea daftari langu la uzito na gramu, kwa fahari kidogo. Alisoma kidole kikishuka taratibu.

"Dada, mbona umekuwa ukimpunguzia?"

"Kwa sababu anapungua."

"Jedwali linataka uzito anaostahili kuwa nao, si huu alio nao. Mbwa akikonda unapanda, hushuki. Na huyu hata gramu za mwanzo hazikumtosha. Alizoea zaidi."

"Lakini ana majonzi, daktari."

"Mwenye majonzi huacha chakula bakulini. Huyu anaacha?"

Bakuli lilikuwa pale mlangoni, limelambwa mpaka linang'aa. Miaka ishirini na sita ya dozi, na nimemnyima chakula mbwa wa mume wangu kwa kalamu na rula.

Daktari alisema tumwongeze polepole, tumbo lisije likakataa. Akapima mwenyewe kwa kopo, kwa macho. Bwana Mkubwa alikula mkia ukigonga ukuta. Alipomaliza alijinyoosha, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kulala juani uani.

"Atapona huyu," wifi akasema.

Nilishukuru, na nilishukuru kwa moyo. Lakini nilibaki nimesimama mlangoni pa jikoni. Miezi mitatu nilidhani tunamlilia mtu mmoja. Kumbe mwenzangu alikuwa na njaa.