Kilemba cha Pishi

Katika nchi ya Tozeni, iliyolala baina ya milima miwili isiyopata kuelewana kuhusu mahali pa kupitishia mvua, kila chenye cheo kilikuwa na kichwa, na kila kichwa kilikuwa na kilemba. Wakubwa wa Ghala Kuu, ambao kazi yao ilikuwa kupokea nafaka ya kodi na kuifungia ndani, walivaa vilemba kwa kadiri ya vyeo vyao: karani alizungusha kitambaa mara mbili, msimamizi mara saba, na Mkuu wa Ghala, Mheshimiwa Kadiri, alijitwisha kilemba kipana kama ungo wa kupepetea, kizito kiasi kwamba akitaka kutazama kushoto ilimbidi ageuke mwili mzima. Ndani yake kulijazwa nini hata kikakaa wima namna ile, hakuna aliyeuliza, maana Tozeni kuuliza ni jambo la kujaziwa fomu.

Sheria ya kodi ilikuwa fupi, imeandikwa kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa langoni mwa Ghala: kila avunaye atoe sehemu yake kwa pishi ya mfuto. Hata mtoto alijua maana yake. Unajaza kipimo, unapitisha ufito juu ya mdomo wake, kinachozidi kinaangukia kapuni mwako, unarudi nacho nyumbani. Lakini siku moja Mheshimiwa Kadiri aliona si adabu pishi ya serikali kukaa kichwa wazi mbele ya watu. Tangu hapo wapimaji wakawa wanaukumbatia mdomo wa pishi kwa mikono miwili, nafaka inamiminwa hadi inachongoka, na kile kichuguu cha juu kikaitwa kilemba cha pishi. Stakabadhi iliandikwa pishi moja. Kilemba hakikuandikwa popote.

Watu walinung'unika, wakazoea, wakanung'unika tena. Aliyeshindwa kuzoea alikuwa Siwema, mjane wa bonde la Mawele, aliyelima mtama aliourithi kwa mama yake, ambao chipukizi lake huchomoza jekundu kabla ya kugeuka kijani. Hakuna shamba jingine Tozeni lililokuwa nao. Mwaka ule wapimaji walifika kwake na daftari, wakamweleza kwamba kabla ya agizo jipya pishi zake zilikwenda Ghalani kichwa wazi kwa miaka sita, hivyo anadaiwa vilemba vya miaka sita. Ghala lake lilikuwa limebaki na debe moja, la mbegu. Wakalichukua.

Siwema alikwenda mahakamani. Hakuomba fidia wala kuombwa radhi. Alitaka debe lake lirudi kabla ya mvua, kwa kuwa mvua ikimkuta bila mbegu, ukoo mzima wa mtama ule ungeishia tumboni mwa Ghala, na yeye angeishia mlangoni mwa watu.

Shauri lilianza kiangazi, na hapo ndipo alipojifunza maana ya kuchoka. Mara ya kwanza Mkuu hakufika kwa sababu shingo ilimuuma. Mara ya pili wakili wa Ghala alifika bila faili. Mara ya tatu faili lilifika bila wakili. Mara ya nne ikasemwa kwamba pishi yenyewe, ambayo ndiyo shahidi, imepelekwa kupigwa msasa. Kila mara Siwema alitembea siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na kila mara Jaji Tuli, mtu mwadilifu aliyekuwa amechoka kuliko wadai wenyewe, alitamka "Limeahirishwa" kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Mara ya tano wakili wa Ghala alifika na faili, tena na tabasamu. Aliomba amri ya zuio, akaiandika kwa mkono wake mwenyewe ili Jaji asipate taabu: kilemba chochote kilicho chini ya Ghala Kuu kisifunguliwe, kisipunguzwe wala kisiguswe na mtu yeyote hadi shauri litakapokwisha. Jaji akatia sahihi. Siwema akaelewa kwamba debe lake sasa limefungwa kwa sheria aliyoikimbilia mwenyewe, akatoka, akakaa kwenye ngazi za mahakama na kulia bila kujificha. Wapita njia walimpisha.

Mara ya saba, Mheshimiwa Kadiri alifika. Akaketishwa kiti cha heshima, mbele kabisa, chini ya tundu la paa ambalo mahakama ilikuwa imeomba idhini ya kuliziba miaka mitatu nyuma. Siwema aliuliza swali moja tu, lile alilolibeba njia nzima.

"Kilemba cha pishi ni kodi au si kodi?"

"Si kodi, bibi," alisema Mkuu kwa upole. "Ni heshima."

"Basi nirudishieni. Mimi sikumheshimu mtu."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo. Wakili akasimama kueleza historia ya heshima tangu enzi za waasisi, kurasa arobaini, na alipofika ya tisa, mvua ikaanza. Ilianza taratibu, kisha ikakaza. Tundu la paa likafungua mrija wake juu ya kilemba cha Mkuu, naye hakusogea, kwa kuwa mwenye kiti cha heshima hanyanyuki kabla ya Jaji. Wakili aliendelea hadi jioni. Mwishoni aliomba siku kumi zaidi za kutafakari neno heshima, akapewa.

Siwema alirudi kwake akiisikiliza mvua ile kwa chuki. Bondeni kote majirani walikuwa wameinama wanapanda. Yeye alikaa ukingoni mwa shamba alilolilima kwa mikono yake, hana cha kutia kwenye udongo.

Siku ya tatu Mheshimiwa Kadiri aliamka na kichwa kinachobanwa. Siku ya nne kilemba kilikuwa kimefura, kinanukia kimea, na kinambana mpaka macho yanamtoka. Akaamuru kifunguliwe. Karani mzee wa Ghala, mtumishi wa miaka mingi asiyewahi kuvunja kanuni, akaileta amri ya mahakama juu ya sinia na kumsomea. Wakili akakimbilia kwa Jaji Tuli kueleza kwamba kilichokusudiwa kilikuwa kilemba cha pishi, si cha mtu. Jaji aliisoma amri mara mbili, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alionekana hana uchovu.

"Imeandikwa 'chochote'," alisema. "Hati ni yako. Tutasikiliza pande zote siku iliyopangwa."

Siku ya kumi mahakama ilijaa hadi madirishani. Mkuu aliingia akishikwa makwapa na wasimamizi wawili, na katika kila kunjo la kilemba chake yalikuwa yamechomoza machipukizi, membamba, yamesimama, mekundu. Kila aliyekuwamo aliufahamu mtama ule na shamba ulikotoka. Wakili alisema haraka kwamba nafaka haina jina la mtu, kisha, kwa sauti iliyokatika, akaiomba mahakama imalize shauri hili leo hii, dakika hii, kwa masharti yoyote.

Jaji Tuli akamgeukia Siwema, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na jembe lake begani.

"Mlalamikaji anasemaje?"

Siwema alipita katikati ya watu hadi kwenye kiti cha heshima. Aliyatazama yale machipukizi kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni.

"Bado machanga, Mheshimiwa Jaji," alisema. "Naomba shauri liahirishwe hadi mavuno. Kilemba sitakigusa. Nitakuwa napalilia pembeni tu."

Jaji Tuli akachovya kalamu. Nje mvua ilianza tena, na Mheshimiwa Kadiri akainua macho, macho tu, kulitazama lile tundu la paa, ambalo idhini ya kuliziba ilikuwa bado mezani kwake ikingoja sahihi.