Alama za Penseli

Kwenye jopo lile la Bishkek, lililogawa fedha za utafiti, alama ziliandikwa kwa penseli. Ndiyo desturi yao, na hakuna aliyeionea haya: unasoma maombi nyumbani, unaweka alama zako, kisha mkikutana mnamsikiliza mkubwa wenu, mnafuta, mnaandika upya kwa wino. Wao wanaita kuafikiana. Mie naona ni kazi ya kifutio tu.

Saikal alikuwa mjumbe wa saba, mdogo kuliko wote na mwanamke pekee. Asubuhi ile alikuja na alama moja aliyoiandika kwa wino tangu nyumbani: tisini na moja, ya Ularbek wa Naryn. Ularbek, mwalimu wa chuo kidogo, alikuwa amepima kwa mti aliouchonga alama, miaka mitatu mfululizo, ziwa la barafu lililo juu ya kijiji cha Karadobo. Kila kiangazi barafu iliyeyuka, na maji yalipanda. Aliomba vyombo vya kupimia, na king'ora cha kuwaamsha watu siku ukingo utakapovunjika. Saikal aliposoma, usingizi ulimruka. Na siku Ularbek alipoleta karatasi zake kwa mkono, Saikal alikuwa amemwambia, "Usiwe na hofu, kaka. Mimi nimo humo joponi."

"Chai, binti," alisema mwenyekiti, Mwalimu Mambetaly, mzee aliyewafundisha wanne kati ya wajumbe wale.

Mdogo ndiye anayemimina, tena nusu kikombe, ili mtu akirudishe aongezewe. Kwa hiyo Saikal hakukaa. Faili la Naryn lilifunguliwa akiwa amesimama na birika.

"Huyu nani anamjua?" Mwalimu aliuliza.

Wajumbe walipekua karatasi zao.

"Amesomea wapi?"

"Huko huko milimani, Mwalimu," mmoja alijibu. "Anapima ziwa kwa fimbo."

"Basi tumnunulie fimbo nyingine." Wakacheka, naye akangoja wamalize. "Mimi nampa arobaini. Lakini msinifuate, kila mtu na akili yake."

Vifutio vikaanza kusugua. Hata cha mjumbe mmoja, profesa wa elimu ya maji, ambaye Saikal aliiona alama yake ya themanini alipokuwa akimwekea maandazi.

"Na binti yetu je?"

Alitaka kusema kwamba watu mia nne wanalala chini ya ziwa lile. Vikombe vitatu vilikuwa vimenyooshwa vikimsubiri.

"Naona ana hoja, Mwalimu."

"Hoja kila mtu anazo. Au ni ndugu yako huyu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi usituharibie siku."

Akaweka birika chini. Wino haufutiki, kwa hiyo aliikata tisini na moja kwa mstari, akaandika pembeni arobaini na mbili. Hizo mbili za ziada ndizo ujasiri wake wote wa siku ile, maskini. Faili lililofuata lilikuwa la mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, aliyekwisha kupewa mara mbili, nalo lilipita kabla chai haijapoa.

Kikombe cha mwisho cha Mwalimu alikijaza pomoni. Kwao, kumjazia mgeni kikombe ni kumwambia aende zake. Mzee alikitazama, akamtazama na yeye, kisha akanywa.

"Umechoka, binti," alisema kwa upole.

Barua ya kumkatalia Ularbek aliiandika Saikal, maana barua nazo ni kazi ya mdogo. Baada ya siku tano Ularbek alipiga simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Saikal zaidi.

"Mdogo wangu, barua nimeipata. Imeandikwa wajumbe wote saba waliafikiana. Katika hao saba, na wewe umo?"

Saikal alishika simu kwa mikono miwili.

"Nimo, kaka."

"Haya," alisema. "Joto limeshaanza huku. Kesho napanda tena na mti wangu."