Wacera na Pembe ya Muratina

Wamama walisema bia nyeusi inaongeza damu kwa mwenye mimba. Nilisikia hilo neno mara moja tu, hapa Kariobangi kwa mfereji wa maji, likanikaa. Nikifua, liko. Nikilala, liko. Msichana wangu Wacera alikuwa na mimba, na kliniki walikuwa wamemwambia damu yake iko chini.

Mwishowe nikamuuliza. "Wewe, hiyo bia unakunywa?"

"Kidogo tu, mathe. Si wamama wote wanasema inasaidia?"

Mimi niliachia shule darasa la saba, singejua nimweleze nini, kwa hivyo nikaenda kliniki kuuliza. Nesi Fowsiya alikunja ngumi mbili akaziweka pamoja.

"Mama, ubongo una pande mbili, hivi. Katikati kuna kitu kama daraja, hapo ndipo zinapoongelea. Mama akinywa pombe, inapita kwa damu inamfikia mtoto. Hilo daraja linaweza kutokea jembamba, au lisikamilike. Hapa nyuma ya kichwa, panapomsaidia mtu kusimama imara, panaweza kubaki padogo. Hata ubongo wote unaweza kuwa mdogo."

"Na nitaona?"

"Mara nyingi sura haionyeshi kitu. Utaona akienda shule. Umemfundisha leo, kesho amesahau. Unamkanya, anarudia, na si jeuri."

"Na ile ameshakunywa?"

"Hiyo hatuwezi kujua. Lakini ubongo unajengwa mpaka siku ya kuzaliwa. Akiacha leo, amemsaidia."

Nilimwambia Wacera yote. Alilia, akaacha bia. Nikadhani tumemaliza. Lakini ruracio ilikuwa Jumamosi hiyo.

Kwetu, siku ya ruracio, mahari inapoletwa, msichana huonja muratina kwa pembe kwanza, ndipo ampe baba yake. Asipoonja, ni kama amemkataa mume. Na watu wetu hawahesabu muratina kuwa pombe. Hata Wacera aliniambia, "Lakini hiyo ni asali tu."

"Ni asali iliyochachishwa mpaka inaangusha wazee," nikamwambia.

Jumamosi ikafika. Baba yake alifariki, kwa hivyo aliyesimama na pembe alikuwa baba mkubwa, Mzee Mbugua.

"Wacera, tunywe muratina ya hawa wageni?"

Wacera aliniangalia. Nilikuwa nimechoka, nimepika tangu alfajiri, lakini nikasimama na leso yangu kiunoni, nikaweka sufuria ya uji mezani.

"Ataonja uji."

Wakacheka. "Shemeji, umeokoka lini?" Mzee akauliza. "Mimi mama yangu alionja, na akili ninazo."

"Ndio maana kila siku unatafuta miwani na umeivaa!" shangazi mmoja akapiga kelele jikoni.

Watu wakacheka tena, lakini Mzee hakucheka. "Wageni watasema amemkataa kijana wao. Onja kidogo, msichana wangu. Lowesha mdomo tu."

Kiarie, yule kijana wa kuoa, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wacera alichukua pembe, akaishika kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akachota uji kwa kikombe, akanywa mbele ya wote. Kisha akampa Mzee pembe kwa mikono miwili.

"Kunyweni, baba. Kiarie nimemkubali. Mtoto wangu ndiye hanywi."

Kiarie akainua kichwa. "Mzee, mimi sijakataliwa. Kunywa."

Mzee akaiinua pembe. Akanywa. Wamama wakapiga vigelegele, nami nikakaa chini kwa kreti ya soda.

Wacera bado hajazaa. Usiku namsikia akijigeuza, nami najigeuza. Ile bia aliyokunywa kwanza siwezi kuitoa. Mtoto akija, tutampenda alivyo, na tutamwangalia polepole. Lakini wewe ambaye una mimba, au unatafuta, soma hapa chini.

Usinywe bia, hata nyeusi.
Usinywe muratina, hata ya ruracio.
Usinywe busaa, chang'aa, wala mvinyo wa kanisani kama una pombe. Omba maji ya zabibu.
Usionje "kidogo tu". Hakuna kidogo kinachojulikana kuwa salama.
Usichukue dawa ya damu kwa maneno ya mfereji. Nenda kliniki.
Kama ulishakunywa, usijifiche. Acha leo, na umwambie nesi.
Na usimcheke aliyekunywa bila kujua.