Matuta ya Kuteremka

Wa kulaumiwa ni mgongo wangu, ila mgongo hauitwi kujieleza. Basi nitajieleza mimi, Esteri.

Marehemu mume wangu, Pasikali, alilima shamba letu la Nyakitonto kwa matuta yaliyokingama mlimani, yazuie udongo. Alifunga chupa yenye maji nusu juu ya fito, akailaza ardhini. Maji yakitulia sawa, tuta linapita hapo. Kazi ya kuchosha mno! Unalima mguu mmoja juu, mwingine chini, na jioni nyonga zinawaka moto. Alipofariki, miaka sita sasa, nikageuza matuta yote yateremke moja kwa moja hadi mtoni. Majirani wote wanalima hivyo; muhogo hauozi kwa maji kusimama, na mwili unapumua. Kila masika udongo wangu mwekundu ulishuka, nikautazama ukienda zake. Nilikuwa nimechoka.

Mwaka huu binti yangu Aline akarudi kutoka Ilagala. Ndiko mto wetu unakoishia, ukishaungana na Malagarasi na kuingia ziwani. Alikuwa akianika dagaa mwaloni, pale maboti yanapotia nanga. Alikuja na mfuko mmoja tu.

"Tope limejaa mwalo, mama. Kila mvua linaongezeka. Maboti yanakwama mbali, tunabeba dagaa kichwani, tope mapajani. Wavuvi wamehama, na mume wangu Ndayisaba amewafuata. Kaniambia nije nilime kwako hadi apate pa kutuweka."

Nikampa pole na ugali.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Aline akaacha chai yake barazani, akashuka hadi mwisho wa matuta. Alirudi ameloa chapachapa, kiganja kimejaa udongo.

"Tope hili nalijua."

"Udongo wa huku wote ni mwekundu," nikamjibu kwa ukali.

"Nimelizoa kwa beleshi miaka mitatu, mama. Nalijua." Akatazama juu shambani. "Baba hakulima hivi."

"Baba yako alikuwa na mgongo!"

"Ulijua linashuka?"

"Ego, nilijua." Kiha kilinitoka chenyewe. "Linakoishia ndiko sikuuliza."

Ningeweza kujitetea kwamba mlima mzima unateremsha, si shamba langu peke yake. Ni kweli pia. Lakini aliyekuwa amesimama mbele yangu akitetemeka kwa baridi ni mwanangu, si wa jirani, na nikaona aibu. Nilitamani anifokee. Akajifuta mkono kwenye kitenge, akauliza fito ya baba iko wapi.

Fito ilikuwa bandani, kuku wanalalia. Chupa ilishavunjika zamani, nikamtafutia ya soda.

Kesho yake tukaanzia juu. Yeye alishika jembe, mimi nilipiga magoti kusoma maji ya chupa, maana kuinama siwezi tena. Kufika saa nne tulikuwa tumegeuza matuta mawili. Ng'ambo ya mto, shamba la jirani lilikuwa bado linachuruzika.

"Tukimaliza hapa," nikamuuliza, "mwalo wenu utafunguka?"

Aline hakuinua kichwa.

"Hapana, mama. Ule umekwisha. Sogeza fito."

Nikaisogeza.